Saa 48

Tulifika Melbourne ndugu wawili kutoka Moshi, dada na mdogo wake, kusomea shahada mbili kwa pamoja, ya sanaa na ya biashara. Ni miaka 4. Asubuhi historia, mchana uhasibu, usiku tunasafisha ofisi za watu.

Sheria ya Australia inamruhusu mwanafunzi kutoka nje kufanya kazi saa 48 kwa wiki mbili wakati masomo yanaendelea. Mwaka wa pili ada ilipungua, maana nyumbani kahawa haikulipa. Msimamizi wetu akatuambia tuongeze saa, atatulipa mkononi bila kuandika popote. Tuliliombea jambo lile, lakini tunakiri: tulimwomba Mungu aturuhusu, hatukumwomba atuongoze.

Wiki ileile darasani tulikuwa tunajifunza kuandika hesabu kwa uaminifu. Tukatazamana. Jioni tukampigia mama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Wanangu, fedha ya kuficha mtaitoleaje sadaka?”

Tukakataa. Muujiza haukushuka. Tulikwenda chuoni kueleza hali yetu, tukakubaliwa kulipa kwa awamu. Tukahamia chumba kimoja, tukala ugali na maharage. Deni bado lipo. Lakini sasa tunamwelewa mjane wa Sarepta: unga wake haukujaa pipa, ila haukwisha. Nasi kila mwezi tumepata wa mwezi ule. Jumapili tunatoa sadaka yetu ndogo, na mkono hautetemeki.