Barua kutoka Leeds: Tarumbeta ya Mpwa Wangu

Dada mpendwa,

  Ujumbe wako umenifikia pamoja na picha. Unasema mtoto wako amepokelewa katika bendi ya vijana ya Jeshi la Wokovu huko Bungoma, kwamba tarumbeta ni moja na wanaoipokezana ni watatu, na kwamba shemeji ameona nyingine dukani Kitale, mpya, inang'aa, imelazwa kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu, shilingi elfu ishirini na tano. Swali lako: nitume pesa au nitume tarumbeta?

Mwambie shemeji asirudi dukani kwanza. Picha nimeikuza mpaka nikasoma jina lililochorwa kwenye mdomo mpana. Silijui, na fundi wa vyombo niliyemwonyesha halijui pia. Huenda ikalia vizuri miezi michache. Shida huja siku pistoni inapokwama, springi inapokatika au kiungo kilicholehemewa kinapoachia. Spea hazipo, maana hakuna anayejua vipimo vya kiwanda hicho, na mafundi wengi wa huku hukataa hata kuzigusa kazi za namna hiyo. Halafu anayeumia zaidi ni mwanafunzi. Mpigaji mzoefu anaweza kuilazimisha tarumbeta mbovu itoe noti. Mtoto akiikosa noti hudhani mbovu ni yeye, na baada ya muda anaacha.

Sasa bei. Elfu ishirini na tano, kwa viwango vya siku hizi, ni kama paundi 150. Kwa pesa hizo hizo huku unaweza kupata Yamaha ya wanafunzi iliyotumika, zile ambazo namba zake huanza na YTR-2 kwa tarumbeta na YCR-2 kwa koneti, na bado ikawa na miaka mingi ya kazi mbele yake. Kisa ni rahisi: kila mwaka watoto wa Yorkshire wanajiunga na bendi, wengine wanahamia mpira au simu, na tarumbeta inakaa chini ya kitanda mpaka mama mtu achoke kuizunguka na ufagio. Ndipo inauzwa. Bach na Jupiter nazo hutengeneza za wanafunzi zinazoaminika, spea zake zinajulikana, na fundi akisikia jina anajua aanzie wapi.

Najua maneno yatakayosemwa hapo nyumbani. Mtu yuko Ulaya miaka yote hii, analeta mtumba? Acha waseme. Ni nani kati yetu aliyekulia Kitale bila kuvaa mtumba, tena Jumapili?

Huku nilipo, bendi za shaba ni jambo la kijiji. Si mbali na hapa, Queensbury, kuna bendi ya Black Dyke ambayo historia yake inarudi hadi 1855, mwenye kiwanda cha nguo John Foster alipoisimamisha kwa ajili ya wafanyakazi wake. Migodi na viwanda vingi vya kaskazini vilifanya vivyo hivyo. Nikisoma habari hizo hukumbuka kwamba kwetu kampuni ya sukari ya Nzoia iliweka timu ya mpira mpaka ikacheza ligi kuu, na sijui kwa nini hatukuwahi kuidai na bendi.

Jambo lililonishangaza zaidi huku ni kabati. Bendi nyingi za mitaa zina kabati la vyombo, na mtoto anayeanza anaazimwa bure. Mzazi anatia sahihi, mtoto anaondoka na sanduku. Akikua anarudisha pembe ndogo, anapewa kubwa. Akiacha, inarudi kabatini na kusubiri mwingine.

Jumanne nilikwenda kwenye chumba cha mazoezi cha bendi ya jirani, mzee mmoja anayetunza kabati akanionyesha jinsi ya kukagua. Alichomoa kijibomba cha pistoni ya pili bila kubonyeza pistoni, kikatoka kwa mlio kama wa kizibo cha chupa. Akasema hiyo ndiyo habari njema: hewa haivuji. Kikitoka kimya, pistoni zimelika, na kuzirekebisha ni ghali kuliko kununua nyingine. Kisha akamulika tochi ndani ya bomba lile linalopokea pumzi, akanionyesha kwenye tarumbeta ya zamani madoa ya rangi ya waridi. Madoa hayo ni mahali zinki ilipokwisha kutoka ndani ya shaba, bomba linaoza kutoka ndani kuja nje. Mbonyeo kwenye mdomo mpana hakuujali kabisa. Mbonyeo haubadilishi mengi, na fundi anaunyoosha kwa dakika chache. Mimi ningefanya kinyume, ningeikataa iliyobonyea na kuichukua yenye madoa.

Mzee huyo ndiye aliyenishauri koneti badala ya tarumbeta. Sauti zake ni karibu sawa, mpangilio wa vidole ni ule ule, lakini koneti ni fupi na uzito wake unakaa karibu na kifua, kwa hiyo mkono wa mtoto hauchoki upesi. Bendi za Jeshi la Wokovu zimejengwa juu ya koneti toka zamani. Tena Jeshi lilikuwa na kiwanda chake cha vyombo huko St Albans, Uingereza, hadi 1972. Ndiyo maana waumini wa huku bado wana koneti za babu zao ndani ya nyumba, na ukitaja Magharibi mwa Kenya wanakuwa tayari kukupa. Wanajua Jeshi lilivyokua huko, hata mwaka 2008 Kenya ikagawanywa maeneo mawili, la Magharibi likiwa na makao yake Kakamega.

Ila hapo pana mtego. Hadi katikati ya miaka ya 1960, bendi za Uingereza zilitumia sauti ya juu kuliko ile inayotumika sasa. Koneti ya zama hizo inaweza kuwa imetunzwa vizuri sana, lakini mtoto akiipiga pamoja na wenzake, au pamoja na kinanda cha kanisa, inasikika imepanda, na hata ukivuta bomba hadi mwisho haishuki inavyotakiwa. Kwa hiyo ukiahidiwa koneti ya babu wa mtu, shukuru, kisha uliza umri wake.

Yule rafiki yako wa Kitale aliyeuliza kuhusu klarineti mwambie haya. Klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo, huo huo wa kusini mwa Tanzania, Kilwa na kwingineko. Lakini kwa mtoto anayeanza mbao si lazima, na kwa ukavu wa Januari hapo Kitale inaweza kupasuka. Achukue ya plastiki, Yamaha au Buffet B12. Gharama ya kweli ya klarineti ni matete yake, ambayo hulika na kuvunjika, na bila duka la karibu mtoto anakaa wiki nzima akisubiri kifurushi. Koneti inadai hasa mafuta ya pistoni. Na mpwa wangu asiitupe ile rekoda ya plastiki mliyomnunulia Gredi ya 4 kwa ajili ya mtaala wa CBC. Noti alizosoma pale ndizo anazozisoma sasa.

Unakumbuka litungu la babu? Uzi mmoja kati ya nyuzi zake saba ulipokatika, lilitengenezwa jioni hiyo hiyo, maana aliyelichonga alikuwa ng'ambo ya mto. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hata kwa shaba ya Uingereza: je, yupo mtu wa kuitengeneza, na je, kifaa cha kuitengenezea kinapatikana?

Nitakachofanya basi ni hiki. Nitanunua koneti moja ya YCR-2 iliyotumika, nitaipeleka kwa fundi aisafishe, nitaongeza chupa nne za mafuta na springi za akiba. Desemba nitakuja nayo mkononi ndani ya ndege. Ikifika, kumbukeni kwamba kila pistoni ina namba yake na tundu lake. Zikichanganywa pumzi haipiti, na watoto husema tarumbeta imekufa. Kidomo kikikwama asitumie koleo. Aioshe kwa maji ya uvuguvugu, asiisugue kwa majivu wala kwa waya wa sufuria.

Na hapa naomba unisikilize, dada, kabla hujakasirika. Koneti hiyo haitakuwa ya mpwa wangu. Itakuwa ya bendi, imeandikwa kwenye daftari la bendi, naye ataazimwa wa kwanza mpaka atakapohama au atakapoacha. Kama tungemnunulia yake, mwaka ujao wawili wale wengine wangebaki pale pale walipo. Muulize kiongozi wa bendi kama kuna kabati linalofungwa kwa kufuli, na nani anashika ufunguo.

Wenzangu mlio ughaibuni mnaosoma barua hii na mna safari ya Bungoma au Trans Nzoia mwaka huu, tafuteni koneti moja iliyolala chini ya kitanda cha mtu, muipitishe kwa fundi kwanza, kisha mje nayo.

Dada, nijibu mambo mawili wiki hii: bendi yao inahitaji koneti au wana upungufu wa pembe nyingine, na meno ya mbele ya mtoto yameshaota yote? Kama bado, nitanunua, lakini asubiri kuipiga mpaka yaote.

Kaka yako,
Leeds