Siku ya Mwisho Unguja

Safari yetu ilikuwa ya siku kumi na mbili. Tulitoka Mombasa, mimi, mama watoto na watoto wetu wawili, tukaingia Tanzania kwa njia ya Arusha, tukawaona wanyama wa Ngorongoro, kisha tukateremka mpaka Dar es Salaam na kuvuka bahari. Binti yetu wa miaka kumi na mitatu alichukua daftari, na kila alichokiona alikiandika: simba saba, kifaru mmoja wa mbali, viboko wasiohesabika. Siku ya mwisho, Unguja, niliiweka kwa ajili ya misikiti, kwani niliona si vizuri watoto warudi nyumbani wakiwajua wanyama na wasiwajue wazee wao. Sikujua kwamba neno langu hilo litanirudia kabla ya jua kuchwa.

Asubuhi tulikwenda Kizimkazi Dimbani, kusini ya kisiwa. Mtu asiyeambiwa huweza kuupita msikiti ule, maana kwa nje ni nyumba nyeupe ya kawaida yenye paa la mabati. Lakini ukiingia na kuelekea kibla, unakutana na maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika matumbawe, herufi zake zimechanua kama majani, nayo yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladia. Jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya kumi na nane, bali ukuta wa kibla umehifadhi yale ya kale. Tulisali Adhuhuri nyuma ya imamu wa kijiji, rakaa nne kama wenyeji, kisha tukasimama kuisali Alasiri rakaa mbili, kwa ruhusa ya musafiri. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani aliwaita watoto, wakamwamkia shikamoo, akawaambia kuwa hapo watu wamesujudu zaidi ya miaka mia tisa. Nilifurahi mno. Nilijiona nimekwisha kuwaonyesha wazee wao.

Tulirudi mjini alasiri, na mama watoto akataka kwenda sokoni Darajani kununua karafuu na mdalasini wa kupelekea jamaa. Anayeujua Mji Mkongwe anajua kwamba Darajani na Mkunazini ni jirani. Mnara wa msikiti na mnara wa kanisa vinasimama pale karibu karibu, na kijana akiona lazima aulize. Kwa kweli mimi nilikuwa nimekusudia tupite mbali. Binti akauliza kanisa lile ni la nini, na mwuza viungo akamjibu kabla yangu: "Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa."

Basi tukaenda. Kanisa kuu lile la Waanglikana lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko, tarehe 5 Juni. Hakutia saini kwa furaha. Waingereza walimtishia kuzizuia bandari zake kwa manowari. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja mpaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya mpaka 1907. Uwanjani pana shimo, na ndani yake sanamu za watu watano wamesimama, wake kwa waume, minyororo shingoni. Sanamu ni za mwaka 1998, lakini minyororo ni ya zamani, ya kweli.

Binti alisimama pale muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, hao waliowauza, walikuwa wakisali?"

Ndugu msomaji, majibu yalinijia mengi. Ningeweza kumwambia kwamba Wafaransa wa Bourbon na Mauritius walikuwa wakinunua watu Kilwa. Ningeweza kumwambia kwamba Waingereza, kabla ya kuleta manowari za kuzuia, waliwahi kujaza merikebu zao watu wa Afrika ya Magharibi na kuwavusha bahari. Yote ni kweli. Lakini mtoto hakuniuliza khabari za Wafaransa wala za Waingereza.

Nikamwambia: "Ndiyo, mwanangu. Walikuwa wakisali."

Akanyamaza. Nikamweleza kwamba dini yetu imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya makosa, na fungu katika mafungu manane ya Zaka, kwamba Sayyidna Abubakar alimnunua Bilal ili amwachie, na kwamba Mtume (S.A.W.) amemhesabu mwenye kumuuza mtu huru na kula thamani yake katika wale ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atashindana nao Siku ya Kiyama. "Basi walikuwa wanajua," akasema. Nikasema wengi wao walikuwa wanajua.

Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo mama yangu aliniambia mara moja tu, nami nikalificha miaka thelathini. Mama wa nyanya yangu aliletwa pwani kutoka nchi za Nyasa akiwa mtoto mdogo. Kwetu Mombasa habari kama hizi hazisemwi mbele ya wageni, na posa zimevunjika kwa ajili yake. Mama watoto mwenyewe alikuwa hajalisikia. Alinitazama, akaushika mkono wa binti, hakusema kitu. Adhana ya Magharibi ikasikika kutoka katika mnara wa jirani.

Jioni tulikaa Forodhani. Beit el Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, na ambalo upande wake uliporomoka Desemba 2020, lilikuwa gizani nyuma yetu. Mdogo wa kiume alikula urojo bakuli mbili na kulala mapajani mwa mama yake.

Usiku, wakati wa kufunga mizigo ya kuwahi meli ya asubuhi, nilimwona binti ameinamia daftari lake. Chini ya simba na viboko alikuwa ameandika: Mama wa nyanya wa Baba, kutoka Nyasa.

"Jina lake nani, Baba?"

Nikamwambia kwamba tunalijua lile alilopewa na aliyemnunua, na kwamba alilopewa na mama yake halijulikani tena. Akaona asiliandike lile la kwanza. Akaacha mstari mtupu, akalifunga daftari.