Neno Nisilolijua

Jumamosi ya pili ya muhula huu Mwalimu wa Kiingereza alituonyesha sinema ya zamani katika bwalo. Jina lake Hard Boiled Mahoney, ya mwaka 1947, iliyoongozwa na William Beaudine. Ilitengenezwa na Monogram, kampuni ndogo ya Hollywood iliyojulikana kwa sinema za gharama nafuu, nayo ni moja katika sinema 48 za vijana walioitwa Bowery Boys, zilizotolewa tangu 1946 hata 1958. Haina rangi, na muda wake ni saa moja na kidogo tu. Hata hivyo bwalo zima lilicheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Slip Mahoney, ambaye ni Leo Gorcey, aenda na rafikiye Sach, yaani Huntz Hall, katika ofisi ya mpelelezi mmoja kudai mshahara wa Sach. Mwenye ofisi hayupo. Mara aingia bibi mmoja, amdhania Slip kuwa ndiye mpelelezi, amwomba amtafutie mtu. Slip hakukana. Alipokea fedha, na tangu hapo mambo yakazidi kuharibika mpaka wakajikuta kati ya mauaji.

Nami usiku ule nilikuwa Slip. Wadogo wa Kidato cha Kwanza waliokaa karibu nami waliniuliza, "Kaka, amesemaje?" Kusema kweli, nusu ya maneno sikuyaelewa. Lakini mtu wa Kidato cha Nne atasemaje kuwa hajui? Nikawafasiria kwa kubuni. Tena Slip hupenda maneno makubwa asiyoyajua, akayaweka pasipo pake, sawasawa na mtu asemaye "nakuhusudu" naye ataka kusema "nakuheshimu." Hapo ndipo penye kichekesho. Mimi sikuutambua mzaha huo. Nikawaambia ati ndicho Kiingereza safi cha New York. Mdogo mmoja akayaandika maneno yale katika daftari lake.

Jumatano akayatia katika insha. Insha ikasomwa mbele ya darasa, wenzake wakamcheka mpaka machozi yakamtoka. Alipoulizwa aliyemfundisha, alinyamaza. Habari hizo nilizipata bwenini, na chakula cha jioni kikanishinda.

Asubuhi nilikwenda chumba cha walimu. "Shikamoo, Mwalimu. Mkosa ni mimi."

Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Gorcey alikosea kwa makusudi ili watu wacheke. Wewe je?"

Sikuwa na jibu. Akanipeleka Kidato cha Kwanza, nikaungama mbele ya wote. Miguu ilitetemeka kuliko siku ya mtihani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku nne tu. Tulipotoka nje yule mdogo alinifuata mbio. "Kaka, basi lile neno maana yake nini hasa?"

Nikamjibu, "Sijui. Twende tukatazame kamusi."

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne