Mwindaji Asimamapo

Mwindaji mmoja alitusimulia jinsi alivyomjeruhi tandala kwa kulenga akiwa amesimama, akafuata damu hadi giza likaingia, asimpate. Tulisikitika pamoja naye.

Mkao wa kusimama ni mgumu kuliko yote. Katika mashindano ya biathloni, umbali ukiwa mita 50, alalaye hulenga shabaha ya milimita 45, asimamaye milimita 115; maana hata bingwa huyumba. Basi tusingoje mtutu utulie kabisa. Hautatulia.

Miguu itanuke kadiri ya mabega, na kiwiko cha mkono wa mbele kikaribie mbavu. Nyumbani, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, tulenge, tufumbe macho, kisha tuyafumbue. Mtutu ukiwa umekwenda kando, tusogeze nyayo, wala si mikono. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani misuli iliyolazimishwa hurudi kwao wakati uleule wa kufyatua. Pumzi itolewe nusu, kifyatulio kibanwe taratibu. Tukichelewa hata mikono ikaanza kutetemeka, tushushe bunduki, tuanze upya.

Na pakiwapo mti, tuegemee. Mwindaji wetu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye mgunga.