Burundi Haiishii Ufukoni

Wako wasafiri warudio kwao wakijisifu kuwa wameiona Burundi, kumbe wameiona Bujumbura tu. Ni rahisi kudanganyika hivyo, hasa kwa mtu atokaye Kigoma, Dar es Salaam au Mombasa, kwa kuwa mji huo humpokea mgeni wa namna hiyo kana kwamba ni mwana wa nyumbani. Joto lake ni la pwani, miembe na michikichi yake ni ya pwani, na mbele yake yametandaa maji mpaka miguuni pa milima ya Kongo. Nchi hii haina bahari, lakini mwambao inao: ni mwambao wa Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina kipitacho mita 1,400, ambalo kwa kina linazidiwa na ziwa moja tu duniani, Baikal la Urusi.

Mji wenyewe uliitwa Usumbura mpaka mwaka 1962, Burundi ilipopata uhuru. Tangu mwaka 2019 makao makuu ya siasa ni Gitega, ila bandari, mabenki na pilikapilika za biashara zimebaki ziwani. Mgeni ajuaye Kiswahili aanzie mtaa wa Buyenzi. Humo wamo wazee ambao babu zao walitoka Ujiji, Manyema na kwingineko, umo misikiti, wamo mafundi wa magari wasiokosa la kufanya, na limo soko la Ruvumera ambalo umuhimu wake uliongezeka baada ya soko kuu la mji kuteketea kwa moto Januari 2013. Kiswahili cha Buyenzi kimechanganyika na Kirundi na Kifaransa, na hakimwombi mtu radhi kwa hilo.

Chakula cha kutafutwa hapo ni samaki. Mukeke huchomwa mzima juu ya makaa, akaletwa na kitunguu, pilipili na ndizi za kukaanga. Mtu wa Kigoma atamtambua mara moja kuwa ni mgebuka wake. Ndagala nao ni dagaa wale wale. Huvuliwa usiku kwa taa, nazo taa hizo, zikionekana kutoka ufukoni, hufanana na mji mwingine ulioelea majini. Usiku wa mbalamwezi taa haziwavuti samaki vizuri, na mashua nyingi hupumzika. Kwa hiyo mama wa nyumbani aliye hodari hutazama mwezi kabla ya kutazama bei.

Ziwa hilo lakini lina ghadhabu zake. Kuanzia mwaka 2020 maji yalipanda sana, na Gatumba, upande wa kwenda Uvira, ikakumbwa na mafuriko mara kwa mara. Watu wengi walihama na nyumba zao zikabaki zimesimama majini. Mwaka 2024 maji yaliingia tena katika vitongoji vya ufukoni. Sheria inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani, lakini anayepita kando ya fukwe ataona kuwa wengi, wenye fedha wakiwamo, walilichukulia ziwa kuwa jirani asiyesogea.

Kusini mwa mji, mwendo wa kilomita 12 hivi, pana jiwe kubwa la Mugere lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Watembezaji wengine husema hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo, walikutana Ujiji, kisha wakaja kaskazini kwa mtumbwi kulitafuta jibu la swali moja: je, mto Rusizi unatoka ziwani kuelekea Naili? Wakauona unaingia. Wakageuka, wasijue kwamba maji waliyokuwa wakiyataka yalikuwa yakibubujika juu ya milima iliyokuwa nyuma yao.

Milima hiyo ndiyo Burundi nyingine. Wafanyabiashara wa pwani waliijaribu kabla ya Wazungu. Katika miaka ya 1880 Rumaliza, aliyekuwa na nguvu Ujiji, alitaka kupenya ndani, lakini watu wa Mwami Mwezi Gisabo walimzuia. Hiyo ni sababu mojawapo ya Kiswahili kukaa chini ziwani, Bujumbura na Rumonge, na kutopanda kwa wingi. Siku hizi hufundishwa shuleni, na Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Hata hivyo huko juu nchi nzima husema Kirundi, na mgeni aliyekuwa mwenyeji Buyenzi asubuhi atajikuta mgeni halisi kabla ya adhuhuri. Ajifunze walau kusema "amahoro" na "murakoze". Maneno hayo mawili yatamfungulia milango mingi kuliko noti.

Barabara ya kupandia ni ile ya Bugarama. Ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya bahari. Bugarama imepita 2,000, na safari yenyewe haifiki kilomita 40. Katika saa moja msafiri hutoka kwenye jasho na kuingia kwenye ukungu, naye asiyechukua sweta atajuta. Kando ya njia ni karoti, kabichi na viazi vilivyopangwa kwa mafungu. Njiani hutelemka vijana wa baiskeli waliosheheni ndizi na makaa, kwa mwendo wa kutisha. Wakati wa kurudi hushika nyuma ya malori ili wavutwe mlimani. Ni jambo la hatari na limewaua wengine, lakini ndilo linalowapatia watu wa mjini chakula cha bei nafuu. Katika miaka ya karibuni uhaba wa mafuta ya magari umevuruga safari mara nyingi; ni busara kuulizia stendi siku moja kabla.

Bugarama iko karibu na mgongo wa nchi. Mvua inyeshayo magharibi yake hutelemkia Tanganyika, ikapita Lukuga na Kongo mpaka Atlantiki. Inyeshayo mashariki huenda Misri.

Kutoka hapo barabara hushuka taratibu kupitia Muramvya hadi Gitega, penye jumba la makumbusho la mwaka 1955. Karibu yake ni Gishora, kilima cha ngoma za kifalme, palipokuwa na makao ya Mwezi Gisabo. Katika Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni utawala vilevile, na anayewaona wapigaji wakiingia wamezibeba vichwani, huku wakipiga bila kukosea, huelewa kwa nini. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Amri ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga, uamuzi ambao wengi, ndani na nje ya nchi, hawakuupenda.

Mwenye siku moja zaidi aelekee kusini mpaka Rutovu. Juu ya kilima kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 baada ya Mjerumani Burkhart Waldecker kuitambua chemchemi ya Naili iliyo kusini kuliko zote. Majirani wa Rwanda nao wana chemchemi yao msituni Nyungwe, wakidai kuwa ndiyo ya mbali zaidi, na mabishano hayajakwisha. Ya Rutovu hutiririka chini ya kilima kama kijito cha Kasumo, chembamba, ambacho mtoto aweza kukiruka. Maji yake huingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, yakamwagika Ziwa Viktoria.