Kongosho la Ukoo

Kwetu Mombasa, katika ukoo wa baba hakuna aliyegusa pombe. Hata hivyo, kila nilipolazwa kwa maumivu ya kongosho swali la kwanza lilikuwa hilo: "Unakunywa?" Daktari mmoja alimwita mama kando, akamtaka anikanye mapema. Nilikuwa mtoto wa chuoni, karibu nihitimu Kurani. "Labda ni uji wa futari unaomlewesha," mama alimjibu.

Maumivu huanzia kwenye chembe cha moyo, yakachoma hadi mgongoni. Kulala chali hakuwezekani. Nilikuwa nikikaa nimekumbatia magoti, natapika nyongo. Marehemu baba alikaa vivyo hivyo. Watu walisema amerogwa, na wengine wakanong'ona kwamba anakunywa kwa siri.

Nilipohamia Marekani, daktari wa Minneapolis aliniuliza kwanza habari za baba na shangazi, akaagiza nipimwe jeni. Ilionekana nina badiliko katika jeni ya PRSS1, liitwalo R122H, ambalo David Whitcomb na wenzake walilitambua mwaka 1996. Kongosho hutengeneza kimeng'enya cha protini, tripsini, kinachotakiwa kuamka kikishafika utumboni. Kikiwahi kuamka humo humo kwenye kongosho, hukatwa mahali fulani kikafa. Kwangu mimi mahali hapo pamebadilika, hakikatiki, na kongosho hujila lenyewe. Mzazi mwenye badiliko hili, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi, ingawa wapo wanaolirithi wasiugue kamwe.

Nilimpigia shangazi simu. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza kama hiyo karatasi ya majibu ina mhuri. Nilipomtumia aliichapisha, akaitembeza nyumba kwa nyumba kwa wote waliomsema kaka yake. Hiyo ni siri ya hospitali, lakini nilimwachia.

Sijapona. Sukari nimeshaipata, kwa hiyo najidunga insulini, na vidonge vya vimeng'enya navimeza pamoja na tonge la kwanza; nikivisahau, choo huelea na mafuta. Sigara ni mwiko, maana hatari ya saratani ya kongosho tunayo kubwa tayari, na tumbaku huiharakisha. Kaka yangu alipimwa akakutwa na badiliko hilo, akaacha kuvuta. Wanawe hataki wapimwe mpaka wakue waamue wenyewe. Wangu mkubwa nilimpima alipoanza kulalamikia tumbo: hana. Mdogo haumwi chochote, na mama yake yuko upande wa kaka.