Dadu Saba Katika Sanduku la Bi Harusi



Kila msimu wa harusi ukikaribia napata maswali ya sanduku. Bi harusi anataka kujua atie doti ngapi za kanga, udi wa aina gani, aende na chetezo chake mwenyewe au atakikuta huko huko. Hayo nimeshayaandika na nitayaandika tena inshaallah. Leo nataka kusema juu ya kitu nilichotia mie kwenye sanduku langu miaka 12 iliyopita, chini kabisa, nikakifunika kwa kanga: kimkoba cha mahameli nyeusi, na ndani yake dadu saba.

Si dadu mnazozijua. Moja ina pande 4, imechongoka kama sambusa. Moja ina pande 6, moja 8, mbili zina pande 10 kila moja, moja 12, na kubwa yao ina pande 20, ukiitupa inabiringika kama gololi. Pamoja nazo palikuwa na daftari la ramani na majina ya watu wasiokuwepo duniani.

Wiki sita baada ya harusi mama mkwe wangu alivikuta. Wala hakuwa akinipekua, msimdhanie vibaya. Kulikuwa na hitima mtaani, nguo yake imeloa, nami nikamwambia mwenyewe, "Mama, ingia chumbani, fungua sanduku, chukua kanga uipendayo." Nikarudi jikoni kwenye wali wangu. Alitoka bila ya kanga.

Kwanza niwaeleze vitu vile ni nini, maana hata leo nikisema watu hunitazama kama nimepoteza fahamu.

Nilisoma chuo kikuu Cardiff, Uingereza. Mwaka wa kwanza, baridi ile ya saa kumi jioni kiza kimeshaingia, wenzangu wa bwenini kila Ijumaa wakitoka kwenda kunywa. Hawakuwa wabaya, wakinialika. Lakini niende kufanya nini? Nikibaki chumbani na simu yangu, nalia kumtaka mama. Kwenye chumba cha kusalia nikajuana na wasichana watatu. Mmoja wa Unguja kama mie, mmoja wa Mombasa, na wa tatu kazaliwa London, wazazi wake watu wa Barawa, nyumbani kwao wakisema Chimini. Tukimsikia akizungumza na mama yake kwa simu tulikuwa tunaelewa nusu na tunacheka nusu. Yeye ndiye aliyekuja na kimkoba cha dadu.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Uliuzwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, wameutunga Gary Gygax na Dave Arneson, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Hauna ubao unaoshindaniwa, wala hapana anayeshinda. Mmoja wenu anakuwa mtambaji wa hadithi, wengine kila mtu anakuwa mtu ndani ya hadithi ile. Una karatasi yako yenye mizani sita: nguvu, wepesi, ustahamilivu, akili, busara na haiba. Mtambaji anakwambia, "Mmefika Kizimkazi usiku, bahari imekupwa, ufukweni pana ngarawa moja na ndani yake mna mtoto analia. Mnafanya nini?" Wewe unasema utakalofanya. Likiwa ni jambo gumu unatupa dadu, unajumlisha na mizani yako, na hapo mtambaji anakwambia limekuwa au halikuwa.

Basi. Ni bibi yangu na paukwa pakawa yake, isipokuwa hapa wanaoitikia nao wana haki ya kuibadilisha hadithi.

Usiku wa kwanza tulikaa mpaka karibu na alfajiri, tukasali jamaa, ndiyo tukalala. Tuliendelea hivyo kila Ijumaa kwa miaka mitatu. Mwanzoni tulicheza kama kitabu kinavyosema, yaani majumba ya mawe, theluji na mazimwi. Halafu wa Mombasa akauliza kwa nini tunajisumbua na theluji hata mchezoni, haitutoshi ya nje? Tukahamia pwani yetu. Yeye akawa nahodha mwanamke wa jahazi, mwenzangu wa Unguja akawa mkunga, mie sonara. Kwa heshima zao sitawataja majina, nitawaita hivyo hivyo: Nahodha, Mkunga na Mtambaji.

Tulipomaliza masomo tukatawanyika, lakini mchezo haukufa. Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, baada ya Isha, kwa simu. Mama yangu alikuwa akinisikia nikisema "leo nina mchezo", naye akaniuliza, "Mwanangu, huo mchezo mnatoa shilingi ngapi, na zamu yako ya kupokea lini?" Nikamwacha aamini kuwa ni upatu. Kosa langu lilianzia hapo.

Maana nilipochumbiwa nilimficha na mchumba pia. Nilimweleza maradhi ya kwetu, deni langu dogo, hata kwamba siwezi kuchuna samaki vizuri. Hili sikumweleza. Niliona haya. Mwanamke mtu mzima, anafanya kazi, anajiita sonara aliyelaaniwa asiguse dhahabu? Nikasema nikishaolewa litakwisha lenyewe. Somo wangu naye aliniambia, kama wanavyoambiwa wengi wenu, kwamba mambo ya usichana huachwa kizingitini. Nikatia kimkoba sandukuni nikiamini nakwenda kukizika.

Sasa fikiria wewe ni mama wa mtu mzima wa Mkunazini, umelelewa na qasida na maulidi, unafungua sanduku la mke wa mwanao, unakuta mawe ya rangi yenye namba pande zote, na daftari lenye michoro, mahesabu, na maneno "jini la kisima cha tatu, nguvu 16".

Siku mbili hakuniambia kitu. Lakini alikuwa hali chakula nilichopika. Anasema tumbo linamsumbua, kisha namwona anakula mkate na chai kwa jirani. Mwenye kuijua visiwa vyetu anajua maana yake. Bi harusi wa wiki sita anaogopwa sahani yake! Nilikuwa nalia chooni bila ya kujua nimefanya nini.

Usiku wa tatu mume wangu akaniita ukumbini. Mama amekaa, shangazi yake mume wangu amekaa, kimkoba kiko juu ya mkeka katikati yao kama maiti. Mama akauliza kwa upole kabisa, na upole wake ulinitisha kuliko ukali: "Mwanangu, hizi ni za kupigia ramli?"

Nikaanza kueleza na maneno yakanikimbia. Jaribuni nyinyi siku moja. Nilisema "ni hadithi", shangazi akasema "hadithi gani ina namba?" Nilisema "ni mchezo", mama akasema "na pesa zake ziko wapi?" Mume wangu, Allah amjaze kheri, akajaribu kunitetea: mbona hata ludo ya watoto ina dadu? Mama akamjibu, "Ile ina pande sita, kama dadu ya watu."

Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Mwisho nikachukua daftari nikawasomea. Sikuwa na njia nyengine. Nikasoma safari ya mwisho tuliyoicheza: jahazi limetoka Unguja mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, nahodha anatweka tanga kwenda Lamu kumtafuta mtoto wa mkunga. Mama akanikatisha.

"Nani kaandika ujinga huu?"

"Mie, mama."

"Kaskazi inakupelekaje Lamu? Kaskazi inatoka huko, itakupiga usoni. Kwenda Lamu utangoja kusi, mwezi wa nne na kuendelea. Baba yangu alikuwa baharia, angekutupa majini."

Shangazi akaguna. Nami nikasema, ndiyo maana jahazi letu likapotea, mama. Nikaendelea kusoma. Hawakunisimamisha tena mpaka nilipofika mwisho wa ukurasa.

Msidhani pale pale tulikumbatiana. Mama alisema anaamini kuwa si uchawi, lakini dadu zile hazilali nyumbani kwake. Nikampa mume wangu, akazipeleka alikozipeleka. Mama akaanza kula chakula changu, nami nikaacha mchezo. Niliwaandikia wenzangu kuwa nina shughuli nyingi. Miezi ikawa mwaka, mwaka ukaelekea kuwa wa pili.

Hapa ndipo panapouma. Katika muda ule Mkunga alipewa talaka, na mtoto mchanga mkononi. Wenzangu walijua siku ile ile, kwa sababu Jumamosi yake alifika kwenye simu, akajaribu kucheza, akashindwa kusema. Mie nilijua baada ya miezi mitano, tena kwa mtu wa nje, kwenye foleni ya benki. Mtu niliyesali naye alfajiri miaka mitatu! Nilipompigia hakunilaumu. Alisema tu, "Sonara, tulikuwekea nafasi." Nilikaa ndani ya gari na sikuweza kuiendesha.

Nikaenda kwa ustadhi wangu, bibi aliyenisomesha chuoni nikiwa mdogo. Sikwenda kutafuta fatwa ya kunipendeza, nilitaka kujua nimesimama wapi na Mola wangu. Mie si mwanachuoni na nyinyi waulizeni wa kwenu. Yeye alinigawia jambo langu mafungu. Kamari haimo, kwa kuwa hapana mali inayowekwa. Dadu, akasema, iache: makatazo ya nardi yamekuja katika Hadithi Sahihi, na wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wameharamisha mchezo unaosimama juu ya dadu hata bila ya pesa, ilhali sataranji, ambayo ni ya kufikiri, wameiona makuruhu isipokuwa ikiingia kamari au ikikupitisha wakati wa sala. Miungu ya uongo na maneno ya uganga yaliyomo kitabuni, futa yote. Sala isingoje hadithi.

Nikamuuliza, na kule kujifanya watu wasiokuwepo? Akatabasamu. Akanikumbusha Bibi Aisha (r.a.) na wanasesere wake, na yule farasi mwenye mabawa mawili ambaye Mtume (s.a.w.) alimuuliza habari zake. Bibi Aisha akamjibu kwa farasi wa Nabii Suleiman waliokuwa na mabawa, na Mtume akacheka. "Hakumvunjia farasi wake," akasema ustadhi.

Nimepata kusoma kwamba miaka ya 1980 huko Marekani wazazi wengi wa Kikristo waliuogopa mchezo huu, wakisema unafundisha watoto kuabudu shetani. Mama mkwe wangu hakuwa peke yake, basi. Na mie sioni kuwa alikosea kuuliza. Nyumba ni yake, mtoto ni wake, na mie ndiye niliyeingia na siri.

Tulirudi mchezoni bila ya dadu. Maamuzi mengi siku hizi Mtambaji anayapima kwa hoja: umejieleza vizuri, una busara ya kutosha kwenye karatasi yako, basi limekuwa. Mwanzoni niliona umepungua utamu, maana ile roho juu dadu ikizunguka haina badala yake, sisemi uongo. Lakini tumekuwa wasemaji wazuri zaidi. Nahodha anasema kazini kwake hakuna anayemshinda kwenye kikao.

Mabibi harusi mnaoniuliza kuhusu sanduku, kama una jambo unalolipenda na halina haramu ndani yake, iwe ushoni, kukimbia asubuhi, mpira wa pete au upuuzi kama wangu, mwambie mwanamme kabla ya nikaha. Usimwambie kwa kuomba radhi, mwambie kama unavyomwambia jina la ukoo wako. Mume wangu aliponiuliza kwa nini nilimficha nilisema niliogopa atanicheka. Akasema, "Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekuuliza jini la kisima cha kwanza lilikuwa wapi." Mwaka na nusu tuliupoteza kwa jambo la dakika tano. Na kama atakwambia hapana, bora uisikie hapana hiyo kwenu, ukiwa bado hujavaa hina.

Siku hizi Jumamosi zangu zinajulikana. Mume wangu anawalaza watoto. Mkubwa wetu, ana miaka 9, nimemkamata mara mbili nyuma ya mlango akisikiliza, na nina hakika ya tatu sikumkamata. Mkunga ameolewa tena, yuko Maskati, na saa yake iko mbele ya yetu kwa saa moja, kwa hivyo yeye ndiye anayepiga miayo wa mwanzo.

Na mama mkwe, umri umekwenda, macho hayamsaidii sana. Bado anauita "huo upuuzi wenu". Lakini Jumapili asubuhi, nikimpelekea chai na vitumbua, ananiuliza kama hana haja ya kujua: "Wamefika wapi?" Juzi nikamwambia wametia nanga kaskazini ya Tumbatu kungoja upepo. Akaweka kikombe chini.

"Waondoke pale kabla maji hayajakupwa. Pana mwamba."

Nikamwandikia Nahodha papo hapo, chai yangu ikapoa.